Nyokajembe wa Mkumbulu

1

Mbiki alipiga jembe mara ya tatu, kisha akaganda, mpini ukiwa bado mikononi.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "hapa pana mtu na watoto wake."

Nilipiga magoti kwenye tope bila kuuliza zaidi. Ndani ya bonge la udongo alilolifumua kulikuwa na kishimo kisichozidi kikombe cha chai, na humo alijikunja nyokajembe. Mtu asiyemfahamu angesema ni mnyoo mkubwa, na mwoga angesema ni nyoka, lakini huyu ni ndugu wa chura, aliyeachana na miguu zamani sana akaamua kuishi chini ya ardhi. Wakulima wamempa jina hilo kwa sababu hawamwoni popote isipokuwa nyuma ya jembe. Wa mashambani ni wa kijivu kinachoelekea zambarau. Huyu alikuwa amepauka kama mkono uliokaa sana majini, na watoto watano, kila mmoja mwembamba kama njiti ya kiberiti, walikuwa wamemganda ubavuni wakikwangua.

"Wanamla!" Mbiki akaruka nyuma.

"Hawamli yeye. Wanakula ngozi yake. Mama akishazaa, ngozi hunenepa na kujaa mafuta, wao huibambua kwa vijino vyao. Baada ya siku tatu inaota nyingine."

Aliinama akatazama vizuri, akatikisa kichwa. "Basi ni watu wa ukoo wenu hawa. Nanyi mlimla mama yenu hadi akabaki mifupa."

Mbiki ni mtani wangu. Koo zetu zinataniana tangu kabla ya babu zetu. Wao ndio wanaochimba makaburi yetu na sisi tunachimba yao, na hata maiti ikiwa bado ndani wana ruhusa ya kusema lolote bila mtu kununa. Nilimchukua kwa ajili ya jembe lake, mdomo ukaja wenyewe.

Nilimhamishia yule mama na watoto wake kwenye sanduku pamoja na udongo wao. Kwenye kifaa nilichofunga kifundoni mwa mkono namba zilikuwa zikiwaka kama zilivyowaka tangu tupande: Mkumbulu, mia mbili kumi na moja kati ya mia mbili kumi na mbili. Siku ya nne kati ya kumi.

Huyu ndiye alikuwa wa mwisho.

2

Mimi ni mpambanuzi. Kazi yangu ni kumchukua kiumbe asiyejulikana, kumweka kando ya ndugu zake, na kuandika ni kitu gani kinamfanya awe yeye na si wao. Kinyonga huyu ana pembe mbili, yule ana moja. Ua hili lina mkia uliopinda, lile mkia wake umenyooka. Nimeifanya miaka ishirini na sita, na nilipoianza niliipenda kiasi kwamba nilikosa harusi ya rafiki yangu kwa sababu ya konokono.

Wakati huo Sheria ya Asiyejulikana ilikuwa changa. Ilitungwa baada ya miaka ya moto, watu walipoona aibu ya vyote walivyoteketeza bila hata kuvipa majina, nayo ilisema kwa ufupi kwamba ardhi yenye kiumbe kisichojulikana wala kuhifadhiwa haiguswi. Tulishangilia. Tukapanda milima na kalamu zetu tukijiona askari.

Kisha Hazina ya Viumbe ikajifunza kurudia. Unaipa msimbo wa jeni wa kiumbe, nayo inakutengenezea kingine kwenye kiatamizi, hai, kinachopumua. Sheria haikubadilishwa hata nukta, ila maana yake iligeuka usoni mwetu. Kiumbe kilichoandikwa na kurudiwa kilihesabiwa kimeokolewa, na kilichookolewa hakikuhitaji tena mlima wake. Kila jina nililoandika likawa hatua moja kuelekea kuufungua mlima. Nimefungua sita. Siwezi kusema sikujua nifanyalo, kwa sababu nilijua, na milima ile ilihitajika, na viumbe vyake vinaishi Hazina kwenye vyumba vya kioo na vinakula vizuri.

Mkumbulu ulihitajika kuliko yote. Tumboni mwake kuna maji ya kuwatosha watu laki nne wa bondeni kwa miaka mingi, ila huwezi kuyatoa bila kuchimba handaki, na huwezi kuchimba handaki bila kuuvua mlima msitu wake wote wa juu. Mabomba yalikwisha kulazwa hadi chini ya mlima. Redio ilitangaza hesabu ya viumbe vilivyokwisha kuandikwa kila asubuhi baada ya taarifa ya habari. Mia mbili kumi na moja. Watu walikuwa wakihesabu nami.

Hemani nilifuata taratibu kama nilivyofundishwa. Tuna wimbo wetu wa kazini tunaowaimbisha wanafunzi: osha kwanza, soma baadaye. Tope na utelezi wa ngozi huchafua msimbo, kwa hiyo sampuli husafishwa kwa maji yaliyochujwa na spiriti hadi ing'ae. Nilichukua kipande kidogo cha ngozi ya yule mama, nikakiosha, nikakitia kwenye kisomaji.

Kisomaji kilimlinganisha na nyokajembe wa mashambani. Idadi ya pete za mwili, sawa. Meno, sawa. Macho yaliyofunikwa na mfupa, sawa. Msimbo, asilimia tisini na tisa na nusu. Kwa kipimo hicho jedwali husema ni yuleyule, isipokuwa mpambanuzi awe na tofauti moja isiyopingika, nami sikuwa nayo. Kupauka si tofauti, hata wa mashambani hupauka wakizaa.

Ikabaki hatua ya kurudia. Kiatamizi kilifanya kazi siku mbili, kikanitolea watoto wanne wazuri, na kikatandaza kwenye sahani ya kioo ngozi ya mama iliyotengenezwa kwa msimbo uleule. Niliwaweka juu yake. Walikula kwa pupa, nikafurahi, nikaenda kupika uji.

Asubuhi iliyofuata wawili walikuwa wamekufa. Matumbo yao yalikuwa yamejaa.

Nilikiweka chini kikombe changu cha uji. Niliwahi kuyaona matumbo kama yale. Miaka kumi na moja nyuma, kwenye mlima wa Lugongo, niliandika kwamba nyokajembe wa huko ni yuleyule wa mashambani. Waliorudiwa wakafa wote wakiwa wameshiba, nami nikaandika "kasoro ya kiatamizi" na kutia saini. Lugongo sasa ni machimbo. Nyokajembe wake hayupo popote.

"Mwingine yuko wapi?" nikamuuliza Mbiki. "Waliorudiwa walikuwa wanne. Hapa naona mmoja hai na wawili wafu."

Mbiki akajikuna shingo.

"Mmoja nilimhamisha jana jioni."

"Ulimhamisha wapi?"

"Kwa mama. Nilimwona anahangaika kwenye kioo kama yatima, daktari. Nikasema moyoni, mama mwenyewe yuko palepale sandukuni na ngozi tele, mtoto mmoja hatamwongezea mzigo."

Ningeweza kumfukuza kazi. Kuchanganya sampuli ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja halifanyi. Badala yake nilifunua sanduku. Watoto walikuwa sita, wote wakikwangua, wote wazima. Niliwatazama kwa kioo cha kukuzia kwa nusu saa na sikuweza kusema yupi alizaliwa na yupi alitengenezwa.

Aliyebaki kwenye kioo alikufa saa saba mchana.

Nilichukua kipande kingine cha ngozi ya mama, na safari hii sikukiosha. Nilikitia kwenye kisomaji na tope lake na utelezi wake. Mashine ililalamika, ikaandika "uchafu", ikaandika tena "uchafu", nami nikailazimisha isome huo uchafu. Ulikuwa maelfu ya vijidudu visivyo na jina, vilivyopangana kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa yeyote wa mashambani. Bila vijidudu hivyo mtoto hula ngozi asiweze kuisaga, akafa njaa tumbo likiwa limejaa.

Nilimweleza Mbiki kwa maneno mengi. Yeye alitumia machache.

"Chachu," akasema. "Maziwa ya leo hayagandi bila mtindi wa jana."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mama aliipata chachu ile kwenye ngozi ya mama yake, naye kwa mama yake, kurudi nyuma bila kukatika hata mara moja tangu Mkumbulu uwe mlima. Nilijaribu kuihifadhi kwenye chupa, kwenye barafu, kwenye udongo wenyewe wa mlima. Nje ya ngozi hai haikumaliza saa moja. Nilimtwaa mama wa shambani aliyekuwa kwenye vielelezo vyangu hai na kumpa mtoto mmoja wa mlimani kwa muda, na ngozi yake ikamdhoofisha hadi nikamrudisha kwa mama yake mbio.

Basi nilikuwa na tofauti yangu moja isiyopingika. Huyu hakuwa yuleyule. Alikuwa mwingine kabisa, na Hazina isingeweza kamwe kumrudia kwa msimbo peke yake. Kwa mujibu wa sheria, mlima wenye kiumbe asiyerudiwa haufunguliwi na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.

Nilikaa kitandani. Kitu kama hicho ndicho nilichokitafuta tangu nikiwa msichana, na nilipokipata niliomba kisiwepo.

3

Domitila alifika siku ya nane, mchana, baada ya kupanda kwa saa tano. Ni mdogo wangu wa mwisho, tumepishana miaka kumi na saba, na mama alipofariki ni mimi niliyemlea. Nilimwona kwa mbali kati ya miti akipanda taratibu kwa mkono kiunoni, nikamfunika nyokajembe kwa kanga kabla sijatoka nje. Sijui kwa nini nilimfunika. Nadhani nilijua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja peke yako? Mwanao Gaudensia umemwacha na nani?"

"Yuko zahanati. Wamemtundikia dripu tena." Aliketi kwenye boksi, akavua viatu. "Ni mara ya tatu mwezi huu. Muuguzi amekwisha kumzoea, anamwita mpangaji."

Alijaribu kucheka. Kisha akatoa chupa kwenye mkoba wake na kuiweka mezani, katikati ya karatasi zangu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai nyepesi, na chini yalikuwa na kitu kilichotulia.

"Ya kwetu Kisongwe," akasema. "Sikuyaleta unywe. Nimeyaleta uyaone, maana huku juu unaoga kwenye kijito."

"Malori hayaji?"

"Yanakuja Jumanne na Ijumaa. Katikati tunakunywa ya mashimo. Tunachemsha, dada, usinitazame hivyo, tunachemsha. Chumvi haichemki ikaondoka. Kuni zenyewe ziko wapi?"

Kiangazi kilichopita alimzika Rehema, mtoto wake wa miezi saba, kwa ugonjwa wa tumbo ulioanza alfajiri na kumaliza kazi yake kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata. Nilifika siku ya pili ya msiba, nikakaa siku tatu, nikarudi kwenye milima yangu. Mbiki ndiye aliyechimba kaburi lile. Lilikuwa dogo sana, na ni msiba pekee nilioona watani wameshindwa kutania.

"Kwenye foleni wananiuliza," Domitila akaendelea. "Wanasikia redio. Mia mbili kumi na moja, mia mbili kumi na moja, kila siku ileile. Wananiuliza dada yako anangoja nini. Nawaambia dada yangu ni mtu wa kazi, hababaishi. Lakini na mimi nauliza. Unangoja nini?"

"Ni taratibu, Domi."

"Kuna tatizo?"

Kanga ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye goti lake. Ningeweza kuivuta. Ningeweza kumwambia: tazama, huyu mama anawalisha watoto wake mwili wake, na nikiandika ukweli juu yake maji hayatakuja, na nikiandika uongo hatakuwepo tena duniani. Niseme nini, mdogo wangu? Alikuwa mtu mzima, alikuwa mwenye akili, na jambo lilikuwa lake kuliko langu.

"Hakuna tatizo," nikasema.

Anajua ninapodanganya, amenijua tangu nilipokuwa nikimfunga nepi, lakini nadhani siku ile hakutaka kujua.

"Wanasema ukisaini wiki hii maji yanafika baada ya miezi minne," akasema. "Daktari wa zahanati ameniambia figo za Gau zinaweza kungoja miezi minne. Hakusema mitano."

Alilala pale usiku ule, na asubuhi akashuka kabla jua halijawa kali, ili awahi saa ya kuona wagonjwa. Chupa aliiacha mezani.

4

Siku ya kumi nilijaza fomu.

Nimeandika mamia ya fomu zile na naweza kuzijaza nikiwa na usingizi. Jina la mahali. Kimo kutoka usawa wa bahari. Aina ya udongo. Rangi ya mgongo, rangi ya tumbo, pete, meno. Kisha kuna sehemu inayoitwa Tofauti, na chini yake mstari wa Uamuzi, ambapo mpambanuzi huandika ama "ni mwingine" ama "ni yuleyule" na kuweka kidole chake.

Nilianza na ukweli. Niliuandika wote, ukurasa mzima, na ulikuwa maandishi bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Nikausoma mara mbili. Halafu nikamfikiria muuguzi anayemwita mtoto wa miaka minne mpangaji.

Atakayejua ataniuliza kama nilipima. Kwamba upande huu kuna aina nzima ya kiumbe, iliyokuwepo kabla yetu, na upande ule watu laki nne. Ningependa kusema nilipima hivyo, ingekuwa na heshima kidogo. Sikupima. Nilimwona Gaudensia tu, na mkono wake uliochomwa sindano hadi mishipa ikajificha. Kama ingekuwa ni watu laki nne nisiowajua, na mtoto wetu hayumo, sijui ningeandika nini, na kutojua huko kunanitisha hadi leo.

Nilifuta ukurasa. Kwenye Tofauti nikaandika "hakuna". Kwenye Uamuzi nikaandika "ni yuleyule", nikaweka kidole. Waliokufa kwenye kioo niliwaandikia "kasoro ya kiatamizi", kwa mara ya pili maishani mwangu. Namba mkononi ikageuka mia mbili kumi na mbili, na kifaa kikapiga mlio mdogo wa pongezi.

Sheria hairuhusu mpambanuzi kutoka na kiumbe cha mlimani. Wa mashambani huruhusiwa, hana thamani, amejaa kila mahali. Kwa hiyo nilibandika kwenye sanduku karatasi inayosema "wa mashambani", na kwa mara ya kwanza siku ile uongo wangu ulinisaidia. Nilikuwa na mama mmoja na watoto sita. Dume la Mkumbulu sikuwa nimelipata, na kulitafuta kungehitaji miezi ya kuchimba. Tingatinga zilipangiwa keshokutwa.

Mbiki alilibeba sanduku mwenyewe. Tulipofika kwenye ukingo wa msitu aliliweka chini, akaniangalia. Alikuwa amechimba yeye, alikuwa ameona yeye, na hakuhitaji kusoma fomu.

"Mtani," akasema. Hakuniita daktari. "Umezika leo. Umezika mlima mzima na wote waliomo, na hukuniita. Tangu lini ninyi mnachimba makaburi wenyewe? Hiyo ni kazi yetu."

Mtani anaruhusiwa, na mimi siruhusiwi kununa. Nilicheka kama desturi inavyotaka. Kicheko kilikatika katikati, nikakaa chini kwenye majani na kulia hadi pua ikaziba, naye akasimama kando yangu, jembe begani, akiwafukuza inzi waliotaka kutua kwenye sanduku.

5

Maji yalifika baada ya miezi minne na siku sita. Watu walicheza ngoma kwenye matope waliyoyatengeneza wenyewe kwa kuacha mabomba wazi. Gaudensia yuko darasa la kwanza sasa, ana mashavu, ana kiburi, na ananiambia kwamba nyumba yangu inanuka udongo.

Inanuka kweli. Nimehamia Kisongwe na chumba cha nyuma ni cha sanduku. Mkumbulu nauona nikifungua dirisha, kipara, wa rangi ya matofali. Kazi niliiacha, nikasema ni macho.

Mama aliishi mwaka na nusu. Watoto sita wakawa wanne, kisha wawili, kwa sababu kuvu iliingia kwenye udongo na sikujua dawa yake, hakuna aliyewahi kumfuga kiumbe huyu. Mwaka huu amebaki mmoja, jike. Chachu anayo. Nimeipima, bila kuiosha, na iko hai juu ya ngozi yake kama ilivyokuwa juu ya mama yake.

Juma lililopita alitaga. Mayai saba, yamekauka ndani, kwa kuwa hakuna dume lililoyagusa wala litakaloyagusa. Yeye hajui. Ameyazungushia mwili wake, na siku baada ya siku anapauka, ngozi inanenepa.

Domitila alikuja jana kuazima ungo. Alinikuta chumba cha nyuma, na safari hii sikuwa na kanga mkononi.

"Huyu mdudu wako amekuwaje?" akauliza. "Mbona mweupe hivi? Anaumwa?"

"Anangoja watoto wamle ngozi."

"Watoto wako kwenye hayo mayai?"

"Hamna kitu kwenye mayai. Hana mwenzake, Domi. Hakuna mwingine popote."

Halafu nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia jembe la Mbiki, watoto wa kwenye kioo, chachu, kanga, chupa yake ya maji, ukurasa niliouandika na kuufuta. Nilimwambia kwamba maji anayopikia ni ya huyu. Nilizungumza nikitazama sanduku, na nilipomaliza nilingoja anitukane au anishukuru. Vyote viwili ningevistahili.

Ungo alikuwa ameushika kifuani.

"Rehema alipokufa," akasema mwishowe, "maziwa hayakuambiwa. Yaliendelea kuja. Siku tisa, dada. Yalikuwa yakijaa hadi nashindwa kushusha mikono. Mlipokuwa mmekaa mkekani na waombolezaji, mimi nilikuwa nyuma ya choo nayakamua mchangani. Watu kijiji kizima hawana maji, na mimi namwaga maziwa."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unaondoka."

Nje mtu alikuwa akijaza ndoo, bomba likivuma. Domitila aliinama akamtazama nyokajembe kwa karibu, kama Mbiki alivyomtazama siku ile.

"Nawe ungeniambia," akasema. "Pale mlimani."

"Ungesema nisiandike uongo?"

"Ningesema andika." Hakusita hata kidogo. "Ningekushika mkono uandike, na leo ningesema vilevile. Lakini tungekuwa wawili."

Aliweka ungo sakafuni, akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa sanduku. Uji ulikuwa jikoni, mtoto alikuwa karibu kutoka shule, na hatukuinuka. Ilipofika saa tisa alasiri ngozi ilianza kubambuka yenyewe, kuanzia mkiani, nyeupe na nzito na yenye mafuta, na hakuna aliyekuja kuila.